Nyota Mbili za Baba Luteni

Ujumbe uliingia nikiwa nimeinamia beji ya shule, jogoo mwekundu ambaye mwalimu mkuu alilalamika kwamba mara iliyopita alitoka akiwa bata. Nina duka dogo la kudarizi hapa Kitengela, nyuma ya soko, na simu yangu hulala kando ya mashine ikinung'unika kutwa nzima bila mimi kuijali. Lakini safari hii jina lililotokea lilikuwa refu na la kigeni, na chini yake kulikuwa na picha ya mkono. Mkono wa mzee, umelazwa juu ya shuka jeupe, na kwenye kifundo chake bangili pana ya shanga. Niliitambua bangili kabla sijasoma hata neno moja. Nikazima mashine.

Aliyeandika ni msichana wa Kolombia aitwaye Lucía, ambaye hatujawahi kuonana; jina langu alilikuta kwenye daftari la babu yake. Babu yake, Don Anselmo, alikuwa amefariki usingizini, na familia ilikuwa ikimngoja shangazi mmoja afike kutoka mbali ili wamzike kesho kutwa. Sasa nyumba nzima ilikuwa inabishana juu ya kile kitu cha mkononi. Nyanya yake alitaka mzee azikwe nacho, kwa kuwa hakukivua tangu aliporudi kutoka Afrika. Mama yake alitaka kivuliwe. Na mzee mwenyewe, mtu aliyekuwa na agizo kwa kila jambo hadi namna ya kukunja soksi, hakuacha agizo juu ya hilo. Alichozoea kusema ni kwamba sheria ya bangili wanaijua wanawake wawili wa Kenya. Lucía alimalizia kwa Kiingereza kizuri kuliko changu: tafadhali tuambie sheria ni ipi.

Mimi nilikuwa mmoja wa hao wawili, na sheria sikuijua. Aliyeijua alikuwa Kajiado, na hana simu ya kupokea picha. Ana ile ya kibonyezo ambayo huizima ili asisumbuliwe na wajukuu. Nikafunga duka, nikamwacha jogoo bila miguu, na asubuhi iliyofuata nikaondoka kumtafuta Mama Lemayian. Njia nzima sikuwa naona tambarare wala mbuzi. Nilikuwa naona meza ndefu, taa nyeupe juu yake, na vichwa vya wanawake vimeinama.

Mwaka ninaousema nilikuwa msichana wa ishirini na moja, nimetoka shule na cheti cha ushonaji, nimejiunga na wale waliokuwa wakitoka Kitengela alfajiri kwa miguu kwenda viwandani upande wa EPZ, eneo la viwanda vya bidhaa za kuuzwa nje. Kiwanda chetu kilishona suruali za jinzi, mlima kwa mlima, na mimi kazi yangu ilikuwa mfuko wa nyuma wa kulia. Ukiniuliza suruali nzima inafanana vipi sikuweza kukuambia. Kisha ikaja kazi ambayo hakuna aliyeitarajia. Jeshi la Kolombia, nchi ambayo wengi wetu tuliijua kwa mpira tu, lilikuwa limeagiza alama za vyeo, vile vipande vya mabegani vinavyoonyesha askari huyu ni nani mbele ya wenzake. Mashine zingefanya tepe na mishono ya pembeni. Lakini nyota, na majua ya majenerali, yangeshonwa kwa mkono kwa uzi wa dhahabu. Ikatengwa meza, wakachaguliwa wanawake wachache wenye vidole vyepesi, na Madam Rose, msimamizi wetu, akanitoa kwenye mfuko wa nyuma wa kulia akanikalisha pale. Sijui aliona nini kwangu. Nadhani ni kwamba nilijua Kiingereza na sikuwa na mdomo mwingi.

Nilipofunguliwa kibunda cha kwanza cha uzi ule niliusogeza chini ya taa. Si uzi kama unaoujua. Ni waya mwembamba uliosokotwa mpaka ukawa laini, unaukata vipande vidogo kama punje za mtama, kila punje unaipitishia sindano na kuilaza karibu na mwenzake, na ukikosea ukaikunja haikunjuki tena. Punje zikishajaa, taa inazigusa na nyota inawaka. Nilikuwa nimekaa siku nzima juu ya nyota moja, shingo inauma, macho yanatoka machozi, na ilipomalizika niliikodolea macho mpaka Madam Rose akaniuliza kama nataka kuiposa. Mpaka leo, baada ya majogoo na simba na vitabu vilivyofunguka vya shule zote za kaunti hii, sijashona kitu kilichonitisha kwa uzuri namna ile.

Kazi hiyo ilikuja na mtu wake wa kuikagua. Don Anselmo alikuwa sajenti mstaafu, mfupi, mnyoofu, masharubu yamekatwa kwa rula. Alitoka milimani, mahali pa baridi na viazi, akasema ukungu wetu wa Julai umemfanya ajisikie nyumbani. Kiingereza chake alikiokota jangwani Misri, alikokuwa na kikosi cha kulinda amani, kwa hiyo mimi na yeye tulielewana kwa Kiingereza cha kuombea maji, nami nikawa mdomo wake pale mezani. Siku ya kwanza alitundika ukutani kitambaa kikubwa chenye vyeo vyote vya jeshi lao, kuanzia koplo chini hadi jenerali juu, akatufundisha kama katekisimu. Koplo na sajenti ni tepe. Nyota moja, luteni mdogo. Mbili, luteni kamili. Tatu, kapteni. Jenerali hana nyota, ana jua. Alipofika kwenye jua alishusha sauti, nasi tukashusha vichwa.

Haikupita wiki tukaanza kupandishana vyeo wenyewe. Madam Rose akawa Jenerali, na alipopita tulikaza migongo tukizuia kicheko. Fundi wa umeme akawa kapteni kwa sababu ya tumbo. Mimi nilibaki koplo kwa muda mrefu, maana miali ya nyota zangu ilikuwa inaelemea kushoto. Don Anselmo alipita na kioo chake cha kukuza, akatazama kila kipande bila haraka, na alichokikataa alikikata kwa mkasi palepale mbele ya macho yetu. Rijekti, yaani kipande kilichokataliwa, haikutoka getini hata ikiwa na kosa la kuonekana na yeye tu. Niliwahi kumwuliza kwa nini asitugawie tukafanye mapambo. Akanijibu kwa upole, "Cheo hakiokotwi, binti." Neno hilo lilinikaa.

Chakula cha mchana tulikula kwa Mama Fardosa, Msomali aliyekuwa na hoteli ya mabati karibu na geti, na ndiko tulikojadili mgeni wetu. Wengine walisema ni Mwarabu. Wengine walisema ni Mhindi wa mlimani. Siku alipokuja mwenyewe, Mama Fardosa alimwekea wali na nyama, na ndizi juu yake, kama wanavyokula kwao, huku sisi wa kutoka Kiambu na Murang'a tukisubiri kuona atakavyotoa ile ndizi pembeni kama tulivyofanya sisi. Don Anselmo aliitazama ndizi kwa muda. Kisha akaikata, akaila pamoja na wali, akala yote, akapangusa sahani kwa kipande cha chapati, akasema hivi ndivyo alivyolishwa na mama yake. Mama Fardosa akatangazia hoteli nzima kwamba mjadala umekwisha, mzee huyu ni wa ukoo wao na asilipe chai.

Nilikuwa naishi na Mama Lemayian. Jina lake ni Naserian, lakini sikuwahi kumwita hivyo na singethubutu. Alinizidi kwa miaka kumi na mitano na mtoto wa kwanza alikuwa amemfanya Mama Lemayian kwa dunia nzima. Tulipanga chumba kimoja kwenye ploti ya vyumba vya kupangisha, kitanda changu upande huu, chake upande ule, pazia la maua katikati, na stovu ya mafuta taa mlangoni. Jumamosi alikwenda kwao nje ya mji wa Kajiado, Jumapili jioni alirudi na kibuyu cha maziwa yenye harufu ya moshi, na chumba kizima kikanukia hivyo mpaka Jumatano. Nilipika ugali na sukuma au viazi, yeye alikaa na sinia la shanga mapajani akitunga bila kutazama. Kiwandani aliajiriwa kwa vidole hivyo. Nyota zake hazikuelemea popote. Alipouona ule uzi wa dhahabu mara ya kwanza hakushangaa kama mimi; alitikisa kichwa akasema ni mzuri lakini ni wa rangi moja, na rangi moja haiongei.

Mwaka huo mwanawe alikuwa ameingia umorani, rika la mashujaa vijana wa Kimaasai. Mama Lemayian aliporudi kutoka kwenye sherehe alikuwa amevaa masikioni mapambo ambayo sikuwa nimeyaona kwake, marefu, ya ngozi na shanga, na mwendo wake ulikuwa umebadilika. Alitembea kama mtu aliyebeba maji. Nilimwambia anapendeza, akanitazama kana kwamba nimesema jambo la kitoto.

Basi tukafika kwenye majua ya majenerali, na Don Anselmo akakaza sheria. Uzi wa jua ulikuwa mwembamba zaidi, ukinaswa na chochote unafumuka, kwa hiyo kila mwenye kitu cha kuning'inia akitoe. Pete zikatoka, saa ya Madam Rose ikatoka, rozari ya mtu ikaingia mfukoni. Mama Lemayian hakusogea. Don Anselmo akasimama mbele yake akaonyesha masikio, nami nikatafsiri, nikaongeza na langu la kuomba, maana niliogopa atapoteza kazi.

"Mwambie hii si urembo," akasema, sindano bado mkononi. "Kijana yangu ameingia morani. Mama ya morani anavaa hivi ndio watu wajue. Nikitoa, ni kama nimesema hayuko."

Nikatafsiri. Mzee akavua miwani akauliza kama hicho ni cheo. Nikamgeukia Mama Lemayian.

"Ni cheo. Lakini si mimi nimepata, ni yeye. Yeye anapata, mimi navaa."

Don Anselmo alivaa tena miwani, na meza nzima ikaacha kushona. Kisha akaunganisha visigino, akainamisha kichwa mara moja, akasema mtu haambiwi avue cheo. Akapita kwa mwingine. Madam Rose, aliyekuwa na akili za kutuokoa sote, akaleta kitambaa cha kichwa, Mama Lemayian akayafunika masikio yake vizuri, na jua la kwanza la jenerali wa Kolombia likashonwa na mama wa morani bila uzi hata mmoja kufumuka.

Siku ya pili mzee alikuja kukaa nasi kwa Mama Fardosa. Maswali yake hayakuisha. Je, baba naye huvaa? Je, mtoto akipanda, mama hubadilisha? Mama Lemayian alimjibu yote kwa furaha, na alipochoka kujibu akauliza yeye. "Na wewe Mzee, uko na kijana?"

Akasema anaye, anaitwa Andrés, na ni ofisa. Kisha akatusimulia kitu ambacho nilikitafsiri sentensi kwa sentensi, na Mama Fardosa akaacha sufuria akaja kusimama karibu. Katika jeshi lao, kama katika majeshi yote, sajenti humpigia saluti luteni, hata luteni awe amevaa nyota yake asubuhi hiyo. Siku Andrés alipovalishwa nyota ya kwanza, uwanjani, mbele ya watu, baba yake alikuwa sajenti wa miaka mingi. Alimkaribia mwanawe, akasimama wima, akampigia saluti.

"Nilimfundisha kufunga kamba za viatu," alisema. "Siku hiyo alikuwa mkubwa wangu. Sijawahi kuinua mkono huu kwa furaha kama ile."

Mama Lemayian alipiga kifua kwa kiganja akasema kitu kwa Kimaa, lugha yake. Tangu siku hiyo hakumwita Mzee tena. Alimwita Baba Andrés, kama tunavyoitana sisi wote, na kila alipoitwa hivyo yule mtu mkavu aliangaza uso. Alianza kutafuta sababu za kupita upande wetu wa meza. Nilikuwa nacheka moyoni kwamba sasa naye amepandishwa cheo.

Mwisho wa mwaka ukakaribia na masanduku yakaanza kufungwa. Siku moja zilikuja mbele ya Don Anselmo nyota mbilimbili, za maluteni kamili, na jozi moja ikaonekana ina mwali uliopinda. Ilikuwa ya kwangu. Alipochukua mkasi nilimwuliza, kwa kutaka tu kuongea, Andrés sasa ana nyota ngapi. Akaniambia moja aliivaa. Ya pili alipewa baada ya mto.

Akaeleza kwa ufupi, macho yakiwa kwenye kipande. Yalikuwa mafuriko, kijiji kilikuwa kinavushwa kwa kamba, Andrés alirudi upande wa pili kuchukua wa mwisho na kamba haikumrudisha. Jeshi lao lina desturi ya kumpandisha aliyekufa kazini, kwa hiyo alizikwa akiwa luteni kamili. Alama za nyota mbili ziliwekwa juu ya jeneza, kisha zikakabidhiwa mkononi mwa mjane, aliyekuwa na mtoto wa kunyonya. Hivyo ndivyo sheria ilivyo, akasema, na ni haki yake, hakuna aliyekosea. Ila yeye baba hakuwahi kuishika nyota ya pili ya mwanawe. Alikuwa ameshika za wanaume wengine wote, hapa, chini ya kioo, kwa mwaka mzima.

Nikamsukumia ile jozi yangu iliyopinda. Nilimwambia itakatwa hata hivyo, hakuna atakayejua, achukue aende nayo nyumbani. Aliitazama muda mrefu, na niliona anavyoitaka. Nilikuwa sijawahi kuona mtu mzima akitaka kitu namna ile.

"Cheo hakiokotwi, binti," akasema tena, na akaikata katikati ya nyota na nyota. Mkasi ulisimama njiani, akaubana tena, ukamaliza.

Jioni nilimwambia Mama Lemayian. Aliweka sinia chini. Maji yalichemka yakakauka juu ya stovu. Kesho yake alipomwona mzee akamsalimu kwa jina la Mzee tu, na siku zilizofuata vilevile, kwa sababu kwao jina la aliyekwenda haliitwi. Don Anselmo hakujua hilo. Alidhani amemkosea. Nilimwona anavyosikia "Mzee" na uso kuzima, na nilipojaribu kumweleza desturi hiyo alikubali kwa kichwa, kama mtu anayekubali dawa chungu. Alikuja Kenya akiwa hana nyota ya mwanawe. Sasa angeondoka hana hata jina.

Nikamwomba Mama Lemayian amtungie mzee nyota mbili za shanga. Si za kiwanda, hakuna sheria itakayovunjwa. Nilidhani nimepata wazo la maana. Alikataa moja kwa moja.

"Shanga ni ya mtu ako hai," alisema. "Nikitengenezea yule kijana, nimemwita. Hatuiti."

Nilibembeleza, nikanuna, nikalala bila kumwambia lala salama, upumbavu wa ujana. Jumamosi akaenda kwao kama kawaida. Jumapili hakurudi. Alirudi Jumatatu jioni, amekosa kazi siku nzima jambo ambalo hakuwahi kufanya, na aliponipa kibuyu aliniambia tu kwamba alikaa na mama mkwe na kina mama wengine wakubwa, wakaongea sana. Usiku uleule akavuta sinia. Rangi ya samawati, kisha nyeupe. Mimi nilikuwa nimejifunza angalau kitu kimoja mwaka huo, nikafunga mdomo wangu nikapika viazi.

Siku ya mwisho kitambaa cha vyeo kilishushwa ukutani kikakunjwa, masanduku yakafungwa lakiri, na Madam Rose akaagiza chai na mandazi kwa wote. Don Anselmo alisimama kando ya meza tupu, amevaa koti, anatushukuru mmoja mmoja. Mama Lemayian akaja kutoka upande wa pili wa ukumbi na mwendo wake ule wa kubeba maji. Kichwa chake kilikuwa wazi, masikio yote yanaonekana. Akamwekea mkononi bangili pana, ngozi ndani, shanga nje: uwanja wa samawati, nyota mbili nyeupe, na kati ya nyota ya kwanza na ya pili mstari mwekundu uliokata kutoka juu hadi chini.

Mzee aliisogeza kwenye mwanga. Akatoa kioo chake mfukoni. Mimi moyo ulishuka, kwa sababu nilimjua, na ule mstari mwekundu ulivunja mpango wote. Kwa jicho lake hiyo ilikuwa rijekti. Alipitisha kioo polepole, akafika kwenye nyekundu, akasimama hapo, akaniambia nimwulize hii ni nini.

"Shanga bila mkato haijaisha," akasema Mama Lemayian. "Na hapo katikati wewe mwenyewe unajua nini ilipita."

Nilitafsiri. Akashusha kioo. Akauliza ni ya nani.

"Ni yako. Si ya yule. Kijana anapata, mzazi anavaa."

Akatikisa kichwa. Alisema yeye ni sajenti, hana ruhusa ya kuvaa nyota, ni kosa. Nikageuka kumwambia Mama Lemayian, naye akacheka kidogo, mara ya kwanza tangu habari ile.

"Za jeshi hana ruhusa. Mwambie hizi ni za Kajiado." Kisha hakunisubiri mimi nitafsiri. Akamtazama yeye mwenyewe usoni. "Mkono gani, Baba Luteni?"

Hilo neno halikuhitaji mkalimani. Luteni ni luteni kwao na kwetu. Niliona linavyomfikia. Alitoa mkono wa kulia, na mama wa morani akafunga kifungo kwa ndani ambapo bangili hugusa mshipa. Don Anselmo akarudi nyuma hatua moja, akaunganisha visigino, akampigia saluti. Mkono ulipopanda, nyota mbili zilipanda nao mpaka kwenye paji la uso wake, na hapo zikatulia. Sijui alimpigia nani. Mama Lemayian alisimama wima akaipokea. Ukumbi mzima wa wanawake wa suruali za jinzi ulikuwa umesimama, mandazi mikononi, na Madam Rose, Jenerali wetu, alikuwa analia bila kujificha. Nimehudhuria sherehe nyingi tangu wakati huo, zenye bendi na mahema, lakini kitu kikubwa kuliko hicho sijakiona.

Yote haya nilimpitishia tena Mama Lemayian jana, jikoni kwake, huku akiniwekea chai. Amezeeka vizuri. Lemayian sasa ni mzee mwenye watoto sita na tumbo la kapteni, na mapambo ya masikio ya mama yake yamebadilika kama inavyotakiwa. Nilimwonyesha picha ya mkono. Hakugusa simu. Aliangalia, akavuta pumzi, akauliza nani ameandika.

"Mjukuu," nikasema. "Ni yule alikuwa ananyonya."

Akaniuliza kama msichana huyo anamlilia babu yake, nikasema ndiyo, hata maneno yake yalikuwa yanalia. Akauliza kama ana kitu chochote cha baba yake. Nikasema sijui, zile nyota za jeshi ziko kwa mama yake.

"Shanga haiingii kwa udongo," akasema Mama Lemayian. "Mwambie atoe. Mzee alivaa ya kijana yake. Huyo msichana sasa anavaa ya hao wawili. Na asikate. Kuna kifungo ndani, afungue pole pole. Hiyo kitu haikatwi."

Niliandika neno kwa neno nikatuma. Kwao kulikuwa bado alfajiri, lakini nyumba ya msiba haikulala, na chai yetu haikuwa imepoa jibu likaja. Alikuwa amefungua kifungo, nyanya yake amekubali, bangili iko mikononi mwake. Alitaka kujua jambo moja tu, aivae mkono upi.

Nikamsomea Mama Lemayian. Pale jikoni, yeye kwenye kigoda, mimi na magoti yangu mabovu kwenye kiti cha plastiki, wote wawili tukajikuta tumeinua mkono mmoja hadi kwenye paji la uso. Tukatazamana. Yeye ndiye aliyeanza kulia, halafu akaanza kucheka.

"Mwambie," akasema.

Nikashusha mkono, nikamwandikia: wa kulia.